Kompyuta ya Mteja Asiyetaka Kutajwa

Karakana, tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Ukiwa mzima nashukuru, ukiwa na mafua pole. Huku nyumbani tunapumua. Mkaza mjomba wako goti limemtulia, ila sasa analalamikia bega, nadhani goti lilimkabidhi zamu. Ghorofa ya juu wamehamia watu wenye mtoto anayejifunza tarumbeta. Hajui wimbo wowote mpaka mwisho. Mama yako anasema humpigii simu. Nimemwambia una kazi nyingi. Mpigie.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu imebaki na sauti moja tu, ya juu, na mkaza mjomba wako ana masikio yanayotosha nyumba nzima. Barua nimeitia ndani ya mto wa kiti cha bosi wako, kile cheusi. Nimemwagiza dereva wa basi akuambie upasue pembeni penye uzi mwekundu. Usipasue kwingine, nimekishona vizuri.

Jambo lenyewe ni hili. Nahitaji kompyuta ya kuchezea michezo. Si ya kubabaisha. Nataka ile ambayo mtu anayejua akiiona ananyamaza. Ni ya mteja. Mteja hataki kutajwa.

Mwambie bosi wako viti vyake nitaendelea kuvivalisha ngozi mpya kama kawaida, lakini badala ya malipo aniletee vipuri, kimoja kimoja, kadiri viti vinavyokwenda na kurudi kwenye basi. Kasha la kuvitia ninalo. Lile la kijivu. Kwa sasa mna misumari ya makochi ndani yake, lakini misumari itahama.

Sikuulizi habari za mtu mwingine yeyote huko mjini. Kama ni wazima, ni wazima.

Mimi mjomba wako.


Stoo, tarehe 20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua nimeipata, na mto nimepasua penye uzi mwekundu tu, kama ulivyoagiza. Mama nimempigia. Tukaongea mpaka salio likaisha, na sehemu kubwa alikuwa ananilaumu kwa kutompigia. Kazini hatujambo. Stoo wametuwekea taa mpya, sasa naona vumbi lote ambalo zamani nilikuwa nalihisi tu. Mpe pole mkaza mjomba kwa bega.

Bosi amekubali haraka mpaka nikamshuku. Anasema viti vyako vinarudi vizuri kuliko vilivyotoka kiwandani, na kwenye duka lake la kompyuta vipuri ni rahisi kuliko fedha taslimu.

Sasa hilo kasha la kijivu. Nalijua, Mjomba, na najua lilikuwa la nani kabla halijawa la misumari. Nilikuwa likizo kwenu ule mwezi. Nilikuona ukilifungua kwa bisibisi ya kochi, ukatoa kila kilichomo na kukipanga juu ya meza ya kukatia, kwa sababu makochi ya hoteli yalikuwa yamechelewa na kijana alikuwa akishinda chumbani anacheza badala ya kukusaidia. Kesho yake asubuhi kitanda chake kilikutwa kimetandikwa na yeye hayupo. Huu ni mwaka wa tatu. Umesema huulizi, basi na mimi sisemi. Watu wote huku wazima. Mmoja alikuwa na mafua, yamepita.

Tuje kwenye kompyuta. Mimi ni mtu wa stoo, najua maboksi kwa nje. Lakini nina rafiki anayejua ya ndani, na huwa napita kwake nikitoka kazini. Jina lake si muhimu. Nilipomweleza, alisema hakuna anayechagua kompyuta kabla ya kujua itafanya kazi gani. Anasema watu hukimbilia kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye kioo, wakanunua kubwa kuliko zote, kisha wakaipa prosesa dhaifu, yaani ubongo dhaifu wa mashine. Hiyo, anasema, ni kama kuajiri mshonaji hodari ukampa mkataji mvivu. Mshonaji atakaa siku nzima anasubiri kitambaa.

Kwa hiyo anauliza mteja wako anataka kucheza mchezo gani, na kwenye kioo cha ukubwa gani. Bila hayo, anasema, hachagui hata skrubu.

Mpwa wako.


Karakana, tarehe 11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Bega limepona na sasa ni kisigino. Mtoto wa tarumbeta anaendelea, nasi tunaendelea naye. Jumapili mkaza mjomba wako hujifungia jikoni na simu na kuongea na dada yake muda mrefu sana, na akitoka macho yamemvimba. Dada yake anakaa nyumba ya pili, na saa hiyo kwa kawaida yuko sebuleni kwangu anakunywa chai. Sote wawili tunasikiliza tarumbeta.

Rafiki yako anaongea vizuri. Mwulize amejifunzia wapi habari za wakataji na washonaji.

Mteja hajui jina la mchezo. Aliuona kwa kupitia mlangoni. Kuna watu wawili wanaingia pangoni. Mmoja anashika taa, mwingine anachimba. Mwenye taa akisogea mbali, mchimbaji haoni kitu. Mchimbaji akienda peke yake haingii, lile jiwe la mlangoni halisogei mpaka wawe wawili. Mteja aliwahi kuombwa aje ashike taa. Aliombwa zaidi ya mara moja. Alikuwa na kazi.

Kioo kiwe cha upana wa kochi la mtu mmoja, bila mikono yake.

Mteja anataka vipuri vya juu kabisa. Usiniletee habari za vya kati. Nimeshona miaka mingi, najua mtu anaponiambia hiki kinatosha ana maana gani.

Mimi mjomba wako.


Stoo, tarehe 2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini kisigino kimepita na hakijapokewa na kiungo kingine. Mama nimempigia tena, safari hii nilianza kwa kuomba radhi, tukaokoa muda. Mimi nimehamia chumba chenye dirisha. Linatazama ukuta, lakini ni dirisha.

Nilimsomea rafiki yangu ile sehemu ya pango. Alikuwa anafunga nyaya kwa uzi. Aliendelea kufunga waya uleule mmoja muda mrefu sana, nikamaliza chai yangu na yake. Kisha akasema mchezo anaujua. Akasema hata kompyuta ya kati inaucheza. Nikamwambia mteja hataki ya kati. Akasema kama ni hivyo mteja ana haki, kwa sababu katika mchezo ule kazi kubwa yote iko kwenye taa. Kwenye mashine ndogo taa inamulika hatua chache na nyuma yake panachorwa weusi wa kubandika. Kwenye mashine kubwa mwanga unagonga ukuta, unarudi, unaingia kwenye nyufa, na mwenye taa akitetemesha mkono, vivuli vyote vinatetemeka. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

Basi amechagua hivi. Prosesa ni ya juu, lakini siyo ile ya juu kabisa, kwa sababu ile ya mwisho inakula umeme na kutoa joto kama pasi na mchezo huu hauihitaji. Amesema tofauti ya bei ihamie kwenye kadi ya picha, ambako ndiko taa iliko. Ramu za kumbukumbu ziwe za kutosha, zikae mbili mbili kama jozi ya viatu, siyo moja peke yake. Bodi ambayo vyote vinakaa juu yake iwe imara, isiwe ya mapambo. Na kifaa cha umeme, pawasaplai, kisichaguliwe kwa kubana, maana hicho kikizimia kinawachukua na wenzake.

Tatizo ni kasha. Anasema kasha la kijivu ni fupi, kadi kubwa ya namna hiyo haitaingia. Alisema ununue jipya. Nikamwambia mjomba wangu hatanunua. Akasema anajua. Kisha akasema mbele kuna kizimba cha chuma cha kutilia diski za zamani, kimekazwa kwa ripiti, zile pini za chuma za kugongelea. Kitolewe chote. Uanzie upande wenye mbonyeo, hapo ripiti zimeshalegea.

Kwenye mzigo huu utakuta prosesa, ramu na pawasaplai. Bodi itafuata. Kioo nacho kitakuja, bosi anakitafutia boksi. Na nimekuongezea kiti kimoja kisicho cha bosi. Ni cha rafiki yangu, kimekwisha kabisa. Nadhani ni haki kumshukuru kwa ushauri wake.

Mpwa wako.


Karakana, tarehe 25 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nyumbani salama. Kisigino kimepona, tunasubiri taarifa. Wale wa juu wamemnunulia mtoto tarumbeta kubwa zaidi.

Vipuri vimefika vikiwa vizima. Kizimba nimekitoa. Ripiti za upande wenye mbonyeo zilikuwa zimelegea kweli. Rafiki yako anayajua sana makasha, hata asiyoyaona. Fundi redio wa jirani amekubali kunisaidia kufunga. Anasema hajawahi kushika prosesa, lakini hajawahi pia kushindwa, kwa hiyo tunakwenda naye.

Kuhusu kile kiti. Nimekivua ngozi na nikatoa sponji yake, na nikaiweka mezani nikaitazama. Wewe ni mtu wa stoo, sijui kama unafahamu. Sponji ya kiti haisahau. Aliyekalia akiwa mnene utajua, akiwa na wasiwasi utajua, anayesinzia utamjua kwa mgongo. Mtu wa kiti hiki hukunja mguu wa kushoto na kuukalia. Upande wa kushoto pamekufa kabisa, pana shimo la kisigino, na kulia hapajaguswa, utadhani ni kiti cha wageni. Namjua mtu mmoja tu anayekaa hivyo. Alikuwa anakaa hivyo kwenye benchi la karakana hii tangu miguu yake haijafika chini, na mama yake alichoka kumwambia akae vizuri.

Siku ile sikushona kitu kingine.

Nimemwekea sponji ngumu upande wa kushoto, ya tabaka mbili, na juu yake laini. Akikunja mguu hatazama tena. Sikumtilia ngozi ya plastiki, nimemtilia ngozi ile niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kochi langu mwenyewe. Mwambie mwenye kiti akae apendavyo, ila asimame mara kwa mara, vinginevyo mgongo utamsumbua uzeeni.

Sijauliza chochote. Nimeeleza habari za kiti.

Sasa imebaki bodi, kioo na kadi ya picha. Mwambie achague kadi.

Mimi mjomba wako.


Karakana, tarehe 9 Juni

Mpwa wangu,

Bodi imefika. Kioo kimefika. Viti vitatu vya bosi wako vimefika. Barua haijafika. Nilidhani umeitia ndani ya mto, nikapasua mito yote mitatu, pembe zote, halafu mgongo wa kile kikubwa. Hakuna. Nimeishona upya na bosi wako hatajua, lakini mimi ninajua.

Nyumbani hatujambo. Mama yako anasema humpigii tena.

Mimi mjomba wako.


Stoo, tarehe 23 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya. Habari za afya nitaziruka leo, sote wazima.

Nilimpelekea kiti chake na nikamsomea barua yako ya Aprili. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye benchi la karakana aliniomba karatasi, akaisoma mwenyewe, akanirudishia. Akasema kazi ya kuchagua vipuri imekwisha, kadi achague huyo mteja. Tangu siku hiyo nikipita kwake tunaongea habari za hali ya hewa. Kwenye kiti anakaa. Nimechungulia, mguu bado anaukunja.

Wiki iliyopita nikachoka nikamwuliza amekasirishwa na nini, mbona kiti kimetengenezwa vizuri. Akasema: "Mimi sina ugomvi na kiti. Nataka kujua ninamchagulia nani. Kama ni mteja, mteja aende dukani. Kama si mteja, huyo mtu anayo mikono, na kalamu anayo."

Mjomba, naandika haya kwa heshima zote. Nimechoka kuwa katikati. Nyinyi wawili mmekula sahani moja miaka ishirini, na sasa mimi napeleka maneno yenu kwenye mito. Mimi namwita rafiki na wewe unamwita mteja. Mkaza mjomba anamwita dada yake. Katika ukoo huu mwenye akili timamu ni yule mtoto wa tarumbeta, maana yeye akitaka kusikika anapiga.

Ulivua kompyuta yake kama kochi bovu mbele yangu na mbele ya mafundi wawili. Alinisimulia mwaka jana kwamba kilichomuuma hakikuwa kompyuta. Ilikuwa ile misumari. Siku ile aliyoondoka alirudi jioni kuchukua begi, akakuta umeshaipanga ndani ya kasha lake kwa saizi zake.

Kadi aliyokuwa akiipigia jicho ipo stoo, nimeificha nyuma ya mashine za kuchapia ili bosi asiiuze. Lakini siitumi mpaka yeye aseme, na yeye hasemi mpaka wewe useme.

Mpwa wako anayekupenda na aliyechoka.


Karakana, tarehe 17 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa kali. Nimeisoma mara kadhaa ili nione kama itapungua. Haikupungua.

Naanza na taarifa ya kiufundi. Mimi na fundi redio tumefunga kila kitu isipokuwa kadi. Bodi imeingia, prosesa imekaa, tumeipaka ile grisi yake kiasi cha punje ya njegere kama boksi lilivyoelekeza. Ukiwasha, kioo kinaleta maandishi meupe. Kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa inatosha kwa maandishi. Fundi redio aliondoka kwa madaha, na tangu siku hiyo anawaambia watu anatengeneza kompyuta.

Kisha nikaona karakana ina vumbi na nyuzi, na kasha lina matundu mbele na nyuma. Sikupenda kitu kipya kiingie uchafu. Nikakishonea vazi. Nimetumia mahameli ya kijani kizito, sponji nyembamba ndani, vifungo vilivyozama pembeni, na pindo la uzi mara mbili. Nimeacha tundu la kitufe cha kuwashia na tundu la waya. Mpwa wangu, ni kazi nzuri. Mkaza mjomba wako alipokiona aliuliza kama kinakaliwa.

Kilifanya kazi kwa muda, kisha feni zikaanza kupiga kelele. Nikaona ni mtikisiko, nikaongeza sponji. Kelele zikazidi, nikaongeza tena. Ikazima yenyewe kama mtu aliyeudhika. Sasa kila nikiwasha inakubali kidogo, halafu inazima mapema kuliko mara iliyotangulia. Ukigusa mahameli ni ya moto. Fundi redio anasema itakuwa ni umeme. Mteja anauliza kosa ni nini.

Barua niliiacha ikiishia hapo juu kwa siku kadhaa. Ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimeshaikunja na mto uko tayari.

Hakuna mteja. Ni mimi. Nilitaka niijue ile taa inashikwaje. Niliwaza kwamba nikiwa na mashine nzuri kuliko zote siku moja nitaingia mle ndani, na yeye yuko mle ndani kila siku, na huko hakuna sebule wala jikoni, hakuna anayepaswa kuanza kuongea. Jiwe halisogei mpaka wawe wawili. Hilo ndilo lililonipa moyo. Namkosa sana mwanangu. Nakaa na sponji yake kuukuu kwenye rafu, sikuitupa.

Mwambie misumari nimeihamishia kwenye kopo la rangi. Imechanganyika saizi.

Mimi mjomba wako.


Stoo, tarehe 24 Julai

Mjomba, shikamoo.

Safari hii sina la kusema, nimempa karatasi aandike mwenyewe. Alisoma ya kwako mpaka kwenye mahameli, akaruka kutoka kwenye kiti kana kwamba ameungua yeye. Sehemu ya chini aliisoma baadaye, nje, kwenye ngazi. Nilimwacha peke yake.

Mpwa wako.

Baba,

Toa hicho kitambaa. Chote, na sponji yote. Kompyuta inavuta hewa kwa mbele na kutoa kwa nyuma, wewe umeivika koti na kuiziba pua. Feni zikipiga kelele zinaomba hewa, na wewe unaongeza sponji. Usiiwashe tena. Nasema usiiwashe hata kidogo, prosesa hiyo nimeichagua kwa wiki mbili.

Fundi redio asiguse kitu.

Kadi haiwezi kuja na basi ndani ya mzigo, ni nzito, itapasua sehemu yake ya kuchomeka kabla haijafika. Nitakuja nayo mwenyewe.

Kiti kimekaa vizuri.


Karakana, tarehe 30 Agosti

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo na dirisha lako halijambo. Huku viungo vyote vya mkaza mjomba wako vimepona kwa mpigo, jambo ambalo daktari hakulieleza. Mtoto wa juu amemaliza wimbo. Tulikuwa wengi tuliosikia.

Umesema nikupe habari kamili, maana yeye akirudi huko hasimulii. Alifika Jumamosi mchana na boksi mapajani. Dereva wa teksi alisema alimpitisha polepole kwenye matuta yote kwa kulazimishwa. Mama yake alikuwa ameshika mlango muda wote, na dada yake amesimama nyuma yake, wa kweli, hakuna aliyepigiwa simu. Walilia wote watatu pale mlangoni. Mimi nilikuwa karakana. Nilikuwa nashona kitu, sikumbuki ni nini.

Aliingia, akasema shikamoo Baba, nikasema marahaba. Alikuwa amekonda kidogo. Akatazama kasha, akatazama lile vazi la kijani nililolitundika ukutani. Akalishika pindo akaligeuza kuona ushonaji. Akasema, "Kazi nzuri." Nikasema asante. Kisha akaomba bisibisi. Niliyokuwa nayo ni ileile ya kochi. Aliishika mkononi akaitazama, halafu akafungua kasha.

Akakuta msumari mmoja umebaki kwenye kona, chini ya bodi. Mdogo, wa pindo. Nilidhani nimeitoa yote. Akaniambia ungegusa pale pabaya, vyote hivi vingeungua. Nilingoja aseme zaidi. Akautia mfukoni.

Mpwa wangu, nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu kabla sijakuandikia barua ya kwanza, nimeyakata na kuyashona na kuyafumua. Nilipofungua mdomo, yeye alikuwa ameingiza kichwa na mikono yote miwili ndani ya kasha, ameishikilia kadi isianguke, na pale ndani ni giza kwa sababu kasha ni fupi na kadi imeziba mwanga. Akasema bila kugeuka:

"Baba, njoo unishikie taa."

Nikaiacha kazi yangu mezani, nikachukua tochi. Mkono ulikuwa unatetemeka, na vivuli vyote mle ndani vikatetemeka, kama alivyokuambia. Akasema nisogee karibu. Nikasogea. Alitafuta tundu la skrubu kwa muda mrefu kuliko fundi hodari anavyotafuta, na mimi sikumharakisha. Aliponiuliza kama mkono umechoka nikasema bado.

Alikaa wiki nzima, kwenye benchi, mguu wa kushoto ameukunja. Sasa amesharudi huko, unajua. Kila Jumapili saa kumi jioni huwa tunaingia pangoni kwa mtandao, yeye huko na mimi huku. Mimi ndiye mwenye taa. Napotea mara kwa mara, nagonga kuta, na yeye husimama gizani akanisubiri nirudi. Hatuongei sana. Bado hatujafika mwisho wa pango, na mimi sina haraka.

Vazi la kijani nimeligeuza kuwa mto. Litakuja na kiti cha bosi wako, weka dirishani kwako. Na umpigie mama yako.

Mimi mjomba wako.